Albertine na Bei ya Kufa

Albertine ni mwanamke wa Bukavu ambaye hajawahi kulipa bei ya kwanza maishani mwake. Ofisi yake imepakana na yangu hapa katika jengo la Tianxiu Dasha, Guangzhou. Yeye anauza vitenge, mimi nasafirisha mizigo, na ukuta ulio kati yetu haujawahi kuizuia sauti yake. Akipiga simu kwa wenye maduka ya vitambaa kule Zhongda, nasikia kila neno mpaka wanapoafikiana. Nimelalamika mara nyingi. Ananijibu kwamba sauti ya kwaya haina kitufe cha kupunguzia, kisha ananiletea sambusa za moto, na mimi nanyamaza kwa sababu ya tamaa.

Sauti hiyo ndiyo iliyomponza. Gaudence, binti wa Bukoba anayesomea muziki hapa kwa ufadhili, alipewa kazi ya mwisho ya shahada yake: achukue opera ya Kitaliano ya zamani, tena tanzia, aiweke jukwaani kwa namna ambayo watu wa leo wataiona ni yao. Profesa Liang angekuja kutazama, na asiporidhika, hakuna shahada. Wenzake chuoni walikuwa na sauti zilizofundishwa miaka mingi. Gaudence akawaacha hao wote, akaja kuchagua kwaya yetu ya Jumapili hapa mtaani Xiaobei. Mpaka leo nashuku alikuwa na homa.

Opera yenyewe ni ya mfumaji wa hariri aliyechumbiwa na tajiri mmoja. Wambea wanamchafua, tajiri anamkana mbele ya mji mzima, naye anakunywa sumu na kufa akiimba. Gaudence aliileta hapa kwetu: mfumaji akawa muuza vitambaa wa Xiaobei, tajiri akawa ajenti wa mizigo. Ajenti huyo nikapewa mimi, Simiyu, mtu ambaye sijawahi kumkana hata mteja msumbufu. Tuliimba kwa Kiswahili, isipokuwa wimbo wa mwisho, ambao Gaudence aliuacha na Kitaliano chake. Albertine aliushika huku akipima vitambaa, na kwa muda mrefu alidhani kikombe anachokunywa mwishoni ni dawa.

Siku alipoambiwa ukweli, alikaa juu ya robota la vitenge.

"Tai gui," akasema, kama anavyowaambia wa Zhongda kila asubuhi kwamba bei iko juu mno. "Nife juu ya huyu Simiyu? Mais non. Mutu hawezi kufa juu ya Simiyu."

Nilikohoa. Hakuna aliyejali.

"Mama Albertine, ndivyo hadithi ilivyo," Gaudence akasema.

"Augue. Augue vibaya, halafu apone."

"Akipona siyo tanzia tena, mama."

"Bon. Apofuke jicho moja."

"Hapana, mama."

"Arudishwe Bukavu, asikanyage tena Guangzhou. Hiyo haitoshi?"

"Meiyou," Gaudence akajibu, kwa neno lile lile ambalo wenye maduka hutumia kutuambia hakuna. Hapo nikajua kwamba binti wa watu ameiva.

Albertine akachukua mkoba wake akaelekea mlangoni polepole, kama afanyavyo sokoni akingoja kuitwa nyuma. Gaudence hakumwita. Albertine akasimama, akachungulia kwenye korido, kisha akarudi mwenyewe. Sikuwahi kuona jambo hilo tangu nimjue.

"Sawa, nakufa," akasema. "Lakini nani atanifunika?"

Basi ugomvi wenyewe ukaanzia hapo. Gaudence alitaka mwisho uwe hivi: watu wote wameondoka, mwanamke amelala peke yake kwenye jukwaa tupu, taa moja juu yake, kimya, halafu pazia. Alisema katika kimya hicho watu wa leo wataona jinsi mtu anavyoweza kuwa mpweke katika jiji lenye watu wengi namna hii. Profesa alishasoma maelezo yake na kulipenda wazo hilo. Wanawake wa kwaya walimsikiliza kwa adabu na hawakumwelewa hata kidogo. Kwao maiti hailali wazi huku kuna mwanamke mwenye kitenge karibu. Kila Albertine alipoanguka kwenye mazoezi, Kethia, msaidizi wake wa dukani, alikimbia na kitenge akamfunika miguu, mwingine akamnyoosha mikono, na wa tatu akaanza kulia kwa sauti. Gaudence aliwakataza, wakakubali, na mazoezi yaliyofuata wakafanya vile vile. Mwishowe akaamuru kwaya nzima itoke mpaka koridoni kabla ya kikombe.

Jioni ile Albertine alizungumza kwa sauti ya chini, na hiyo peke yake ilinitisha.

"Mama yangu alikufa mwaka ule wa barakoa, mipaka ilipofungwa," alimwambia Gaudence. "Nilimuona kwa simu. Bajirani ndio walimufunika. Mimi nilikuwa hapa, vitenge vimejaa chumba muzima, na hata kimoja hakikumufikia."

Gaudence alimkumbatia, akalia. Lakini alipojipangusa alisema, "Mama, nikigeuza mwisho sasa nitakuwa nimeogopa, na Profesa ataona. Ni miaka yangu yote hapa."

"Najua. Nitalala peke yangu, mtoto wangu. Juu yako tu."

Tulicheza Jumapili mchana katika ukumbi wa hoteli moja hapa Xiaobei. Walijaa wafanyabiashara, wanafunzi, akina mama na watoto wao, hata wenye maduka wa Zhongda waliotaka kuona mwanamke anayewatesa anavyoimba. Nilipomkana Albertine, mama mmoja wa mstari wa mbele aliniambia waziwazi kwamba mzigo wake hautapita tena kwangu. Nilifurahi sana, maana nilikuwa naigiza vizuri.

Kisha Albertine akaimba. Sauti ambayo nimeilalamikia miaka yote ilijaa ukumbi mpaka watoto wakanyamaza, na nikaona aibu kwa malalamiko yangu. Akanywa, akaanguka. Jukwaa tupu, taa moja, kimya. Nilikuwa pembeni na Gaudence. Profesa Liang alikuwa ameinama mbele kwenye kiti chake.

Kiti kikakwaruza sakafu kwenye mstari wa tatu. Mama Fathiya wa Mombasa, auzaye mabuibui ghorofani kwetu na ambaye hajawahi kuja kwenye kwaya yetu, alisimama. Akavua leso mabegani, akapanda jukwaani, akamfunika Albertine miguu. Nyuma yake akaja mwingine na kitenge chake. Halafu mwingine. Hawakupiga kelele. Walimfunika, wakamnyoosha, wakapiga magoti kumzunguka. Wa mwisho alikuwa mwenye duka wa Zhongda, hasimu wake mkubwa wa bei, ambaye hakuelewa kitu ila aliona wenzake wanafanya nini. Alivua koti lake akaliweka juu.

"Nimefeli," Gaudence akanong'ona. Nikageuza uso, kwa kuwa nilikuwa nalia, na sipendi watu wajue.

Pazia lilipofungwa, Profesa alikuja nyuma ya jukwaa akauliza ni nani aliyewafundisha watazamaji mwisho ule. Gaudence angeweza kudanganya. Alisema hakuna, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeukataza.

Profesa akalitazama lile rundo la vitenge jukwaani. "Uliambiwa uwafanye waione ni yao," akasema. "Wameichukua. Umefaulu, na mwisho huo usiuguse."

Gaudence alikaa chini akacheka na kulia kwa pamoja. Lakini Albertine alikuwa bado hajainuka. Nilimwendea nikidhani amezimia kwa joto la nguo zile zote. Kutoka chini ya nguo hizo ikasikika sauti.

"Nani ameleta polista kwa kilio changu?"

Alikuwa amezipapasa nguo zote kwa vidole, kama afanyavyo Zhongda, akakuta kitenge kimoja si cha pamba.

"Inuka, Mama Albertine," nikamwambia. "Watu wanakungoja wakupigie makofi."

"Bado, Simiyu," akasema kwa ile sauti ya chini. "Acha mama naye afunikwe."

Nikakaa sakafuni kando yake, nikakinyoosha kile kitenge cha polista vizuri juu ya miguu yake.