Mwangalizi wa Mvua wa Kabambare

Nilikuwa mwalimu wa jiografia Kabambare wakati chuo kikuu na idara ya serikali ya hali ya hewa walipokuja pamoja kusimika kituo nyuma ya shule yetu. Profesa wa chuo hicho alinieleza kwamba sehemu ya mvua yetu huanzia mbali, baharini, na kwamba kwenye ramani zao jimbo letu la Maniema lilikuwa doa tupu. Nilifurahi. Nikatia sahihi mkataba: kupima mvua saa mbili asubuhi na saa nane mchana, kila siku.

Mwaka wa tatu ulipoingia, sikuwa nimelala nje ya Kabambare hata mara moja. Niliomba mtu wa kunipokea zamu.

"Mama, mwangalizi huteuliwa na serikali," profesa alisema kwenye simu.

Ofisi ya serikali ikajibu: "Vyombo ni vya iniversite. Uliza kwao."

Ndipo mdogo wangu alipopiga simu kutoka Kasongo, alikokuwa akimuuguza baba. "Papa iko mubaya. Kuya leo."

"Nani atapima?"

"Dada, mvua itakosa nini?"

Nilimpigia profesa. Akanisihi nisiache pengo katikati ya majira ya mvua. Mwalimu mwenzangu akaninong'oneza, "Andika tu namba. Nani atakuja kuangalia?" Nikakaa, nikabuni siku tano za mvua. Zilifanana kabisa na za kweli. Nikaogopa, nikachana karatasi, na nikabaki siku mbili zaidi nikipima huku nikijichukia.

Siku ya tatu nilipanda pikipiki. Tope lilitulaza njiani, hivyo nilifika Kasongo kesho yake. Baba alikuwa amekonda, macho yake hayatulii.

"Huko kunanyesha?" aliniuliza.

"Milimita kumi na nane," nilijibu kabla sijafikiri.

Alinitazama kama mgeni, akageukia ukuta. Hakusema nami tena. Tulimzika siku mbili baadaye.

Niliporudi, niliandika daftarini, mstari kwa mstari: hakuna mwangalizi. Profesa akapiga simu kuuliza kuhusu siku zile. Nikamwambia baba amefariki. Akatoa pole, sauti yake ikiwa chini. Kisha akauliza kama kulikuwa na maji kwenye kipimamvua.

"Kilijaa hadi mdomoni," nikasema. "Hakuna anayeweza kujua ni mvua ya siku gani."

"Basi mwaga," akasema, "uanze upya kesho asubuhi."

Nikamwaga.