Kipima maziwa nilichokipigania mwenyewe

Leo kipima maziwa kimenivua nguo mbele ya foleni nzima.

Miezi minne nimekipigania kwenye kikundi chetu cha kuuza maziwa, ili tu nimnase jirani yangu Mama Tumaini. Nilijua anaongeza maji.

Yake: maji sifuri.
Yangu: maji asilimia kumi na tano!

"Ndaga, asante sana, mtaalamu," akacheka. "Ng'ombe wako akinywa mtoni, maji yanapitiliza?"

Nikamgeukia mke wangu, maana ndiye anayekamua. Hata hakuinamisha kichwa.

"Si ulisema zisipofika lita kumi nikalale bandani? Leo ng'ombe katoa nane na nusu."

Jamani, hesabu imekubali.

Adhabu ni mwezi mzima nje ya kikundi. Niliipendekeza mimi.

Watu wa Makandana, nani anachukua lita nane na nusu kila asubuhi?