Koti Zito la Mume Wangu

Mume wangu ni mtu wa ng'ombe. Kwetu milimani, Kivu ya Kusini, samaki tulimwona sokoni, tayari amekauka. Uvuvi alijifunzia huku Amerika, mjini Louisville, akisimama ukingoni mwa mto, na hapo sikuwa na neno. Tulipohamia Buffalo kufuata kazi ya kiwandani, jirani mmoja wa mtaani kwetu Kenmore alimwuzia kayaki kuukuu, mtumbwi mwembamba wa plastiki wa mtu mmoja, na tangu hapo kila Jumamosi yuko ziwani. Mimi saa hizo ndiyo natoka zamu ya usiku ya kutunza wazee, mgongo umekufa, sina hata nguvu ya kugombana.

Binti yetu mkubwa, aliye Columbus, ndiye aliyeanza kuogopa. Alimtumia baba yake nguo ya kuvaa juu ya nguo, ina mpira wa kubana shingoni na mikononi, maji hayaingii. Akatueleza kwa simu: Papa, yaani baba yake, asivae kwa kuangalia jua, avae kwa kuangalia maji, maana mwezi wa nne hewa imeshapata joto na ziwa bado ni barafu iliyoyeyuka juzi. Mume wangu akaijaribu, akasema inamnyonga kama mbuzi, akaitundika. Yeye ana koti lake zito la theluji, tulilopewa tulipofika Amerika. Juu yake anafunga jaketi la kuelea, basi, amemaliza.

"Bon, baridi naijua," aliniambia. "Nilibatizwa mtoni kule milimani, alfajiri, na sikutetemeka."

"Mchungaji alikushika, Papa. Na alikutoa palepale."

Akacheka. Sikio la kufa halisikii dawa, na mimi nilikuwa nimechoka kuwa hiyo dawa. Nikamwambia: donc, basi, Jumamosi hii nakuja nawe. Utaanguka mbele yangu, pale maji yanapofika kifuani, halafu upande tena mwenyewe kama binti yetu alivyotuonyesha kwenye video: piga miguu mpaka mwili ulale juu ya maji, jivute kwa tumbo katikati ya kayaki, ndipo ugeuke ukae. Ukiweza, nafunga mdomo. Akakubali, nadhani ili apumzike na maneno yangu.

Jua lilikuwa zuri siku hiyo, watu wanatembea na fulana. Akapiga kasia kidogo kutoka ukingoni, akaegemea upande mmoja, akaingia majini. Kichwa kilipotokeza, mdomo ulikuwa wazi, anavuta hewa, anavuta tena, haitoshi. Nikamwita. Hakujibu. Akashika kayaki, akapiga miguu, akajivuta. Koti lilikuwa limekunywa maji, likamrudisha chini. Alipojaribu tena, kayaki ikampindukia. Baada ya hapo mikono ilikuwa inateleza tu, haishiki kitu. Nilikuwa nasubiri asimame, maana chini anafika, lakini alikuwa amesahau kwamba chini anafika.

Niliingia na viatu vyangu vya kazini. Maji yale yalinikata pumzi na mimi. Nikamshika mkanda wa jaketi, nikamkokota mpaka kwenye mawe, namtukana njia nzima, Mungu anisamehe.

Ndani ya gari nilimvua lile koti, nikamfunika blanketi, nikawasha joto mpaka mwisho. Meno yake yaligongana muda mrefu. Ugomvi wetu nilikuwa nimeushinda, na sikuona raha yoyote, niliona hofu tu.

Alipopata sauti alisema atavaa ile nguo aliyotumiwa na mtoto, hata imnyonge, na hatakwenda mbali kabla ya kujua kupanda tena kayaki. Kisha akageuka kuangalia ziwa.

"Mama," akasema, "ningekuwa kule katikati, ungejua saa ngapi?"

Nikamvutia blanketi mabegani, nikihesabu saa. Jumamosi nikitoka kazini nalala mpaka jioni. Nikiamka napika kwanza, namwekea sahani yake, naifunika, ndipo naanza kujiuliza yuko wapi.