Bega Linauma, Sindano Mguuni

Bi Shuzhen, mpika tofu wa mjini Shaoxing, nchini China, alikuwa hawezi hata kuchana nywele, kwani bega lake la kulia lilikuwa limekaza tangu majira ya baridi. Alipofika kwa Daktari Tan, tabibu wa sindano, akaambiwa atoe ulimi. Kisha akapimwa mapigo ya mikono yote miwili, akaulizwa kama analala vizuri na kama miguu yake huwa baridi.

"Daktari, mgonjwa ni bega, si ulimi!"

"Nimekusikia, mama. Pandisha suruali."

Sindano nyembamba kama unywele ikazama kwenye muundi. Haikumchoma sana, ila alihisi uzito na ganzi ikimtambaa hadi kifundoni.

"Sasa inua mkono polepole."

Mkono ukapanda hadi usawa wa sikio, ukagoma hapo. Bi Shuzhen akaukodolea macho kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Bado," alisema daktari. "Utarudi mara kadhaa."

Nyumbani mumewe akamuuliza, "Wamekudunga wapi?"

"Mguuni."

"Mguuni! Na bega wamemwachia nani?"

"Limelegea kidogo. Usiniulize kwa nini, mume wangu, maana hata mimi sielewi."