Shamba Lililolala

Watu wakisikia nafanya kazi kwenye shirika la kuhifadhi ardhi wanadhani kazi yetu ni kupanda miti na kupiga picha. Thubutu! Kazi yetu ni kugombana. Tunagombana na wachoma mkaa, tunagombana na wenyeviti wa vijiji, tunagombana na gari letu wenyewe ambalo mvua ikinyesha tu halitaki kuwaka. Ofisi yetu ni vyumba vitatu pale Bangwe na watu hatujai kiganja. Kuna bosi, mtu wa mkoa mwingine, mpole, ambaye miaka yote hii Kiha bado kinampiga chenga. Kuna dereva wetu wa Ujiji anayejua ukoo wa kila mtu unayemtaja. Halafu mimi, mzaliwa wa Kasingirima, niliyekulia kwenye mashamba ya bibi yangu kabla ya kurudishwa mjini kusoma. Mimi ndiye mtu wa mipaka.

Kijiji kikiamua kutenga msitu wake, sisi tunautembea mpaka wake kwa miguu. Kamati ya kijiji inatangulia, mimi nafuata na mashine ya GPS, na kila penye kona nabonyeza kitufe na mtu anapaka rangi nyekundu kwenye mti. Kanuni yangu ilikuwa moja. Mwenye shamba linalogusa mpaka asimame shambani kwake siku hiyo, aseme, "Langu linaishia hapa." Asipokuwepo, jirani anamsemea. Kanuni hiyo niliitunga mwenyewe na nikajivunia kweli, maana ilikuwa inawazuia wajanja kuamka mwaka wa pili na kudai nusu ya msitu ni ya babu yao.

Siku ninayoisema tulikuwa kwenye kijiji kimoja cha milimani, mbele ya Simbo. Msitu ule una chemchemi inayonywesha kijiji kizima, na wachoma mkaa walikuwa wameshaula upande mmoja. Tulikuwa na haraka ya kuokoa uliobaki. Alasiri tukafika mahali penye nyasi ndefu na vichaka, hakuna mtu aliyesimama. Mwenyekiti wa kamati akamuuliza jirani, mzee mmoja mwenye shamba la maharage pembeni. Yule mzee akapunga mkono. "Hapo ni pori tu, piteni."

Nikapita. Mguu ukapanda, ukashuka. Ukapanda, ukashuka. Nikajua. Chini ya zile nyasi kulikuwa na matuta ya mihogo, yamepangika vizuri, ya mtu aliyelima kwa akili. Bibi yangu alikuwa analaza shamba hivyo hivyo. Ardhi ikichoka unaiacha misimu kadhaa, vichaka vinaota, halafu unairudia ikiwa na nguvu zake. Lile halikuwa pori. Lilikuwa shamba limelala, na lina mwenyewe.

Sasa niseme nini, nijitetee? Wingu lilikuwa limeshuka, betri ya mashine imebaki kidogo, kuzunguka shamba lile kungetupotezea saa nzima, na wanakamati walikuwa na njaa na wananitazama. Jirani si amesema ni pori? Kanuni si inasema jirani anasemea? Nikabonyeza kitufe, mti ukapakwa rangi, tukasonga mbele.

Ramani ikapita mkutano mkuu wa kijiji, ikapita halmashauri, ikagongwa mhuri. Vijana wa kulinda msitu niliwafundisha mimi mwenyewe namna ya kumwonya mtu, namna ya kumnyang'anya panga au jembe, namna ya kuandika taarifa.

Baada ya misimu miwili ya mvua mwenye shamba akaja ofisini. Bibi kizee mwembamba, kitenge kimefungwa imara kiunoni, miguu imejaa vumbi hadi magotini. Nikamwambia, "Shikamoo bibi." Akasema, "Marahaba, mwanangu. Ni wewe mwenye mashine?" Nikamkalisha. Akaeleza bila kupandisha sauti. Shamba lile aliachiwa na marehemu mumewe, na ndilo pekee lililobaki, mengine yaliuzwa wakati mume anaumwa. Alikuwa amelilaza. Siku tuliyopima yeye alikuwa Ujiji kwa binti yake aliyejifungua. Mwaka huu amelirudia, ameshachomeka mihogo robo ya shamba, vijana wamekuja wameing'oa na kuchukua jembe lake. Amekwenda serikali ya kijiji, ameambiwa mtu wa shirika ndiye aliyechora.

"Nakuomba ukaniondoe kwenye hiyo ramani," akasema. "Mimi sina shida na msitu. Nataka pangu."

Alipoondoka nikaingia kwa bosi. Sikumwambia habari ya matuta. Nilimwambia tu kwamba kuna malalamiko na labda tukapime upya. Bosi akavua miwani akafikicha macho. Akasema ananionea huruma na anamwonea huruma yule bibi, lakini ramani ikifunguliwa kwa mmoja itafunguliwa kwa wote. Wachoma mkaa walikuwa wanausubiri mwanya huo, na katika hilo bosi hakuwa anadanganya. "Iende mkutanoni," akasema. "Ikithibitika palikuwa na shamba, nitasaini mwenyewe. Lakini ithibitike."

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule. Wafadhili walikuwa wamekuja siku hiyo hiyo kuona msitu, wamekaa viti vya mbele. Wale wa mkaa nao walikuwepo nyuma, wamekunja mikono, wanangoja. Mtendaji wa kijiji akauliza nani anajua kwamba pale palikuwa na shamba. Mzee wa maharage alikuwa ameshafariki. Wengine wakainamisha vichwa, maana hakuna anayetaka kugombana na shirika linalowaletea mizinga ya nyuki. Mwenye nguvu mpishe. Yule bibi akasimama akaninyooshea mkono, bila ukali. "Huyu binti alipita pale kwa miguu yake. Mwulizeni yeye."

Jamani. Watu wote wakanigeukia. Nilimwona bosi, niliwaona wageni, niliwaona wale wa nyuma wamejiinamisha mbele kama watu wanaosubiri mpira uingie wavuni. Nikawaza, nikisema nilikosea hapa, kesho watasema nilikosea kila mahali, na chemchemi imekwisha. Hilo niliwaza, kweli. Lakini niliwaza pia jina langu, mimi binti wa mipaka nisiyekosea, na ninachokumbuka zaidi ni hilo la pili.

Nikasema, "Mimi nilikuwa naangalia mashine. Chini sikuangalia."

Watu wakacheka kidogo, wakaona ni jibu la mtu wa kompyuta. Mtendaji akasema basi haijathibitika. Yule bibi akanitazama, kisha akakaa, akavuta kitenge chake kufunika miguu. Mkutano ukahamia kwenye habari ya mizinga.

Wiki tatu sikulala vizuri. Nilikuwa mkali kwa kila mtu, hadi dereva akaniuliza, "Dada, nani kakukosea?" Nikamjibu vibaya, naye hakustahili. Mwisho nikamwomba anipeleke kule kijijini siku ya Jumamosi. Nikamkuta bibi anapalilia mahindi kwenye shamba la mtu mwingine, kibarua, umri ule! Nilimwamkia, akaitikia bila kuacha kazi. Nikachuchumaa kwenye mfereji katikati ya mistari nikamwambia yote. Nilivyopita, miguu ilivyopanda na kushuka, nilivyojua, nilivyosema uongo. Nililia. Nilidhani atanitukana, na nadhani nilikwenda ili anitukane.

Akaniacha nimalize. Akaegemea jembe, si lake, lile la mwenye shamba.

"Ego, ndiyo," akasema. "Nilijua unajua. Wewe umelelewa na watu wa jembe, hata unavyotembea unaonekana. Aliyewahi kulima hakanyagi tuta asijue. Ndiyo maana nilikutaja mbele za watu, nilidhani nimempata shahidi."

Nikamwambia nitakwenda kwa mtendaji, nitaomba mkutano mwingine, nitasema. Nilisema haraka haraka, na hata mimi nikasikia sauti yangu haina nguvu.

"Utakaposema, sema kule," akasema. "Huku shambani tuko wawili tu, na wote tunajua."

Akainama akaendelea kupalilia. Nilibaki nimechuchumaa pale mpaka akafika mwisho wa mstari, akageuka, akanikuta njiani kwake, akaniomba nimpishe.