Treni Inayosimama Gilgil

Tulisikia ngurumo mawinguni kabla ya kuiona ndege iliyomrudisha kaka yangu kutoka masomoni Ulaya. Nje ya uwanja alitaka tupande basi, tufike Nakuru mapema.

"Basi halisimami Gilgil," mama akasema. "Nyanya yako anakungoja stesheni akubariki, na miguu yake haifiki Nakuru tena. Au siku hizi wewe ni Mzungu, unaogopa mate yake?"

Kaka akacheka, tukapanda treni.

Gilgil, nyanya aliingia behewani akihema. Akamtemea mate kidogo viganjani, kama wazee wetu wanavyobariki, kisha akampapasa uso taratibu, maana macho yake yalikuwa yamefifia. Filimbi ikalia. Akashuka akitabasamu, na gadi akafunga mlango nyuma yake.