Gombesa wa Moinaesha

Mbaraka alipohama nyumbani kwa mkewe Moinaesha hakutoka mikono mitupu. Alichukua bangili za dhahabu alizoachiwa mwanamke huyo na marehemu mama yake, akamvisha mwali wa mtaa wa juu aliyetaka kufunga naye ndoa kuu, ile harusi ya heshima inayoshuhudiwa na mji mzima. Kisha akatamba barazani: "Ningekaa na tasa mpaka lini?"

Maneno yalimfikia Moinaesha akikuna nazi. Hakulia. Alikuna mpaka mbuzi ikagonga kifuu.

Asubuhi ya kuamkia harusi, kaka yake Toihiri alirudi na mtumbwi akilaani. Ndoana yake ilikuwa imenasa gombesa, samaki wa vilindini anayeshinda mchana kwenye mapango ya mawe ya volkano. Alikuwa mzito kama mtu, magamba kama tupa, na mapezi yenye vikonyo vya nyama yalikuwa bado yakipunga polepole.

"Nipe mimi," Moinaesha akasema.

"Dada, huyu haliwi! Mafuta yake hayakai tumboni. Utahamia chooni."

"Nani kakwambia nitamla mimi?"

Alipompasua akakuta watoto, kila mmoja kashikamana na kiini chake cha yai. Gombesa hatagi, hubeba mimba ndefu na kuzaa. Akawafunga kwenye jani la mgomba, akawazika uani. Aliporudi kwenye minofu, hasira ilikuwa imezidi.

Bwana harusi akaletewa sahani ya samaki wa tui na pilipili kutoka kwa mke mkubwa. "Mnaona?" akawaambia wapambe wake akicheka. "Kashika adabu." Akala mpaka akalamba vidole.

Maandamano yalikuwa katikati ya mji, ngoma zinarindima, Mbaraka aliposimama ghafla. Mafuta ya rangi ya chungwa yakalowesha joho lake nyuma. Vigelegele vikakatika.

Mama wa mwali akaja mbio kwa Moinaesha. "Umemlisha nini mkwe wangu?"

"Gombesa. Na wewe umemvisha nini mwanao? Zitazame hizo bangili kwa ndani, jina la mama yangu limechorwa."

Jioni bangili zikarudishwa ndani ya leso. Harusi ikafa.

Wazee wakamtoza Moinaesha ng'ombe kwa kuuaibisha mji. Akamtoa bila kubisha. Mbaraka hakuonekana barazani mpaka Ramadhani.

"Moyo umepoa sasa?" Toihiri akamuuliza.

"Bado," akajibu, akiendelea kupepeta mchele.